Tuliikuta Hivyo

Kitabu ni kimoja, watoto hamsini na wawili.
Nimetoa nakala kwa kijana wa Sakina, wino umepauka,
sentensi nyingine zina mwanzo, mwisho umefutika,
nasi tunazimalizia kwa kubahatisha,
kisha tunaona haya kwa jinsi tulivyopatia.

Juni. Ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye goli la uwanja.
Kidato cha tatu wamevaa masweta ya kufumwa,
mikono mirefu, vidole vimejificha humo.
Anasoma Naserian, maana sauti yake haitetemeki:

mwandishi alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Alijificha siku kumi na moja darini kwa fundi baiskeli,
na anachokikumbuka zaidi si panga, si mayowe,
ni harufu ya gundi ya viraka
na deni la chumvi, kikombe kimoja.
Mama yake alimkopesha jirani Jumatano.
Jirani akaja Ijumaa, bila kikombe.

Hapo Lomayani akacheka. Kicheko cha woga, nakijua.
Hakuna aliyemkemea.

Ukurasa wa arobaini na moja nilitaka kuuruka.
Kuna mwalimu ndani yake. Ana chaki kama hii,
anaita orodha kama ninavyoita mimi kila asubuhi,
kisha anasema: wa kabila lile, simameni.
Mtoto hajui asimame au akae,
anamtazama mwenzake wa dawati, ambaye anajua.
"Alisema kwa upole," ameandika. "Alikuwa anajaza fomu."

Naserian akanyamaza.
Darasa zima likanitazama mikono.

Ndetaramo akasema babu yake alikuwa fundi cherehani, Kaloleni,
na miaka ile ya mahakama, hapa hapa mjini,
alipewa kazi ya kushona pazia
la kumsitiri shahidi.
Kitambaa kizito, kilimvunjia sindano mbili.
Hakumwona kamwe aliyekaa nyuma yake.
Ila barabara ile aliipita polepole, hadi anakufa,
kama mtu anayepita nje ya chumba cha mgonjwa.

Nikawapa kazi ya wiki mbili:
tafuteni katika habari za sasa, redioni, magazetini, simuni,
neno linalomfanya mtu awe kitu.
Wakarudi na madaftari yamejaa,
nchi ninazozijua na nyingine nilizozitafuta ramani.
Mende. Magugu. Takataka. Kusafisha.
"Kusafisha limejitokeza mara thelathini na nne,"
alisema Elineema, mpenda hesabu,
na kila moja amelipigia mstari kwa rula.

Wengine waliandika utani wetu wenyewe,
wa Mpare na Mchaga, wa Mmeru na Mwarusha,
wakauliza kama utani una mlango wa kutokea.
Nikasema mtani huja msibani, huosha vyombo, huchimba kaburi.
Nilipomaliza, neno kaburi likabaki limesimama peke yake.

Mwanaidi hakuandika neno lolote.
Alileta karatasi moja, imekunjwa mara nne:
fomu ya bweni, ya shule yetu.
Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kabila.
"Hii nayo ni habari ya sasa, mwalimu. Niliijaza Januari."
Chini kuna muhuri, na juu ya muhuri
saini yangu, ile ya haraka, yenye mkia.

Nikaenda nayo ofisini.
Bi. Apaikunda alikuwa anachemsha chai ya tangawizi.
Akavaa miwani, akaigeuza, akaitazama na nyuma,
akasema bila ubaya wowote, kwa upole:
"Hiyo ni ya zamani, mwalimu. Tuliikuta hivyo."

Akanimiminia.
Nikakishika kikombe kwa mikono miwili
mpaka kikapoa.